Uso wa Mama Wadah

Mchuma janga hula na wa kwao, na aliyeyasema hayo bila shaka aliwahi kuishi katika mji mdogo wa Ain Sarha. Thamer alimchoma kisu Wadah sokoni wakigombea mahali pa kuegesha gari. Mahali pa kuegesha gari! Thamer akaenda jela, Wadah akaenda kaburini, na Hadil, ambaye na huyo Thamer wanakutana kwa babu wa babu na hawakuwahi kuzungumza zaidi ya salamu za Idi, akaenda kuishi Zarka katika vyumba viwili vinavyotazamana na karakana ya matairi.

Jalwa haichagui. Jamaa wote wa muuaji hufungasha na kuuhama mji, ili ndugu wa marehemu wasikutane nao njiani damu ikawachemka. Wazee wa pande mbili walikaa wakafunga sulhu ya muda: hakuna kisasi, ila asionekane mjini hata mmoja wa ukoo wa muuaji, mwanamume wala mwanamke. Akionekana, sulhu imevunjika, na atakayelipa ni mwanamume yeyote wa ukoo atakayepatikana kwanza. Nyumbani kwa akina Hadil huyo angekuwa Zaidun, mdogo wake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajikatakata akijifunza kunyoa ndevu.

Na Hadil alikuwa amebakiza mtihani mmoja. Mmoja tu, wa kemia, katika chuo cha hukohuko Ain Sarha, na shahada iwe yake. Asipoufanya muhula huo, mwaka wake wa mwisho unafutwa, na vyuo vingine alivyoviomba vilimjibu kwamba mwanafunzi aliyefika mwaka wa mwisho hapokelewi. Bila shahada hakuna kazi ya ualimu, na bila kazi ni hiyo karakana ya matairi mpaka azeeke.

Chuo chenyewe ukikiona utacheka. Jengo moja refu, misonobari kadhaa, na mkahawa wa mzee Fawaz, anayekukaangia falafeli huku akikuuliza goti la shangazi yako linaendeleaje. Zamani Hadil alikinung'unikia kwa udogo wake. Ukipiga chafya maabara, alikuwa akisema, mama yako nyumbani anakuombea rehema. Sasa udogo huohuo ndio uliomfunga. Nusu ya darasa lake ni ukoo wa marehemu, na aliyekaa naye dawati moja tangu mwaka wa kwanza ni Nuha, dada yake Wadah. Hadil alikula zaidi jikoni kwa akina Nuha kuliko alivyokula kwao. Baada ya msiba alimwandikia ujumbe wa rambirambi, na Nuha hakujibu.

Alimpigia simu mkuu wa kitivo, Dakta Shihab.

"Binti yangu," alisema Dakta, "sheria za chuo nazijua. Za serikali nazijua. Hizi za wazee unataka nikuambie nini?"

"Niruhusu niufanyie mtihani huku niliko, Dakta."

"Wizara haikubali."

"Basi nifanyeje?"

"Subiri."

"Mpaka lini?"

Dakta akakohoa. "Mungu yupo."

Mungu yupo kweli, lakini na ratiba ya mitihani nayo ilikuwepo.

Baba yake, mwalimu mstaafu wa jiografia, alikuwa akishinda kwenye roshani akitazama matairi yakijazwa upepo.

"Baba, nikienda nimejifunika uso?"

"Na kitambulisho chako utakifunika na nini? Shungi?"

"Baba, ni mtihani mmoja."

"Hadil, mimi nina mtoto mmoja wa kiume. Usinifanye nichague." Akageuza kiti, akampa mgongo.

Alimchukia baba yake wakati ule, kisha akaona haya kwa kumchukia, maana mzee alikuwa amefungwa kama yeye. Alilala kitandani akautazama ukuta. Akisogea, anamuua mdogo wake. Akikaa, anajizika mwenyewe.

Ndipo alipomkumbuka bibi yake, Mungu amrehemu, na ile hadithi yake ya mtu aliyeua akakimbilia hema la kwanza aliloliona. Akashika nguzo, akasema, "Nimeingia kwenu." Kumbe ni hema la baba wa yule marehemu. Wakamlisha, wakamlinda, wakamsindikiza mpaka kwao, kwa kuwa aliyeingia ameingia, na mwenye nyumba amempa uso wake, yaani heshima yake imkinge. Aliye usoni pa mtu haguswi. Wengine wakiisikia hadithi hiyo huitikia kwa vichwa, wakanywa kahawa yao. Hadil alinunua nikabu.

Asubuhi ya mtihani alipanda basi dogo. Ain Sarha ilimpokea kwa harufu yake ya mkate na mbuzi, na machozi yakamlowesha kitambaa. Hakwenda chuoni. Alizunguka nyuma ya nyumba ya marehemu Wadah, akaingia kwa mlango wa jikoni, ule anaoujua, ambao huwa haufungwi.

Mama Wadah alikuwa ameketi chini anakwangua mamumunye. Nuha alikuwa anakosha mchele. Hadil akafunua uso.

"Nimeingia kwako, Mama Wadah."

Kisu kikaanguka kwenye beseni. Nuha akasema, "Wazimu wewe? Wazimu, Hadil? Toka! Toka kabla Jarwan hajaamka!"

"Nimeingia kwenu. Nataka kufanya mtihani, nirudi. Basi."

Mama Wadah hakumtazama. Akakiokota kisu kwenye beseni.

"Watu wote wa mji huu wana milango," alisema. "Ukaona wa kwangu."

"Mwingine ungenilinda mimi. Wa kwako peke yake ndio unaomlinda Zaidun pia."

Jarwan, kaka mkubwa wa marehemu, akatokea na shati la kulalia. Alipomwona Hadil uso ulimbadilika rangi.

"Nani kamwingiza huyu?"

"Kajiingiza," akasema mama yake. "Miguu ni yake, nyumba ni yangu."

"Mama! Damu ya Wadah haijakauka!"

"Unaniambia mimi? Wewe ndiye uliyemzaa?" Akainuka kwa shida, akajifuta mikono, akavua mtandio wake mweusi wa matanga na kumfunika nao Hadil kichwani. "Ameingia, kwisha. Vaa viatu umpeleke chuoni. Na mtu akimtupia neno, ujue kanitupia mimi."

Jarwan akaipiga teke ndoo, maji yakatapakaa jikoni. Kisha akaenda kuvaa viatu.

Wakapita sokoni hivyo, Jarwan mbele na uso wake wa mawe, Hadil na Nuha nyuma. Wenye maduka wakasimama. Walipofika chuoni, mzee Fawaz, aliyekuwa na kijiko cha mafuta mkononi, akasahau falafeli zake zikaungua. Hakuna aliyethubutu kunong'ona, maana mtandio ule walimwona nao Mama Wadah mazikoni.

Hadil aliandika mtihani. Maswali aliyajua yote. Nuha, kwenye dawati la pili, hakugeuza shingo, ila kalamu ya Hadil ilipokauka wino, alimsukumia ya kwake kwenye sakafu kwa ncha ya kiatu.

Walipomrudisha kwa Mama Wadah, chakula kilikuwa tayari. Aliyeingia haondoki na njaa, ndiyo desturi. Yalikuwa yale mamumunye, yamejazwa wali na nyama, na Hadil alijua Wadah alikuwa akiyapenda kiasi gani, maana walizoea kuyagombea. Alikula kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kutokula. Mama Wadah alikuwa akimwongezea.

"Umeyajibu?"

"Nimeyajibu, mama."

"Vizuri." Akamwekea jingine. "Sasa nisikilize. Kila asubuhi nilikuwa nikiamka nawalaani. Wewe, baba yako, Zaidun, wote, mmoja mmoja kwa jina. Ndicho kilichokuwa kinaniondoa kitandani. Leo umekula kwangu. Nitamlaani vipi mtu niliyemlisha?" Sauti yake haikupanda. "Thamer kaninyang'anya mwanangu. Wewe umekuja kuninyang'anya kilichobaki. Kesho nitaamshwa na nini, Hadil?"

Hadil akainama. Akaubusu mkono wa mama yule, na mkono ukabaki mkononi mwake, mzito, haujibu wala haujitoi.

Jarwan alimpeleka kwa gari mpaka kwenye makutano, mji unapokwisha. Hakuzima injini.

"Mtandio," alisema.

Hadil akauvua, akaukunja, akauweka juu ya kiti.

"Utafaulu?"

"Nadhani."

"Hongera." Alikuwa anaitazama barabara. "Usirudi tena. Mama hana uso wa pili."

Hadil akashuka, akashusha nikabu, akasimama juani kungoja basi la Zarka.