Msusi Anayechanwa Kwanza

Saa mbili asubuhi ya Jumatatu, Shangazi anazima redio iliyokuwa ikiimba tangu Jumanne iliyopita. Anatundika shuka la bluu juu ya kioo kikubwa, anasukuma mashine ya kukaushia nywele hadi stoo, halafu anachomoa hata feni, maana kuna mtoto mmoja asiyeivumilia sauti yake. Madirisha yameachwa wazi tangu jana jioni ili harufu ya dawa za nywele itoke.

Kisha anafumua nywele zake mwenyewe, anaziachia zote, na kuketi sakafuni akiwa ameupa mlango mgongo. Nyuma yake, juu ya kigoda, ameweka chanuo la mbao.

Anangoja.

Siku nyingine za wiki ukifika hapa huna pa kukaa. Saluni ina viti vitano na watu kumi na watano. Anayesukwa ni mmoja. Waliobaki wamekuja kusikia nani kaposwa, nani kaachika, na nani kaachika lakini bado anakana. Umbea wa mtaa hupitia hapa kwanza ndipo uende sokoni, na Shangazi, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ndiye anayecheka kwa sauti kuliko wote.

Jumatatu ni ya watoto ambao saluni nyingine huwarudishia mlangoni: wenye usonji, wasiotulia dakika mbili, wale ambao kuguswa kichwa tu kwao ni kama kuunguzwa. Jumamosi Shangazi husuka vichwa kumi na kimoja. Jumatatu, akibahatika, kimoja. Yuko mtoto aliyekuja wiki tisa mfululizo ndipo akakubali chanuo limguse.

Utaratibu ni mmoja na haubadiliki. Mtoto ndiye anayemchana yeye kwanza, apendavyo, kwa nguvu azitakazo. Akichoka anaondoka, na hakuna anayemwita arudi.

"Siwezi kukishika kichwa cha mtu ambaye hajakishika changu," anasema.

Ndiyo maana msusi huyu ana kichwa kibovu kuliko vichwa vyote vya mtaani. Juu ya sikio la kushoto ana kipara cha upana wa sarafu, kazi ya mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyevuta akagoma kuachia. Wateja wa Jumamosi humtania kwamba yeye ni sawa na fundi cherehani anayetembea na suruali iliyochanika. Hujibu kwamba hicho kipara ndicho cheti chake, na hakuna chuo kinachokitoa.

Watoto wakiwa ndani, mama zao hukaa uani. Kuna mkeka, birika la chai na godoro moja. Godoro ni la mama wa mapacha, ambaye akifika tu hujilaza, na ni marufuku kumwamsha. Wengine husengenya kwa sauti ya chini: wakwe, waume, mganga aliyesema mtoto ataacha akikua. Siku nyingine hucheka mpaka wakaziba midomo kwa mitandio. Siku nyingine wote humlilia mmoja. Leo wako saba, na wanne kati yao wanalea peke yao.

"Kwenye gari naomba samahani, dukani naomba samahani, mpaka msibani," anasema mmoja wao, ambaye mumewe aliondoka mtoto alipotimiza miaka mitatu bila kutamka neno. "Ni hapa uani tu ambapo sijamwomba mtu samahani."

Watu humsifu sana Shangazi, na yeye sifa hizo hazipendi. Mtu akianza kumwita malaika, huinuka, huenda kwenye droo, akatoa picha moja na kumkabidhi bila maelezo.

Kwenye picha kuna msichana wa miaka sita aliyevaa sare mpya ya shule. Kichwani ana mistari kumi na minne, imenyooka kana kwamba imepigwa kwa rula. Wanawake watano wamemzunguka wakitabasamu. Mtoto hamtazami yeyote.

Huyo ni Kidosho, binti wa kaka yake.

Ilikuwa miaka minne iliyopita, na kesho yake shule zilikuwa zinafunguliwa. Shule ilitaka watoto wa kike wanyolewe au wasukwe. Kidosho hakuwahi kufanyiwa lolote kati ya hayo. Wifi yake Shangazi alimleta, akaonya kwamba mtoto anaogopa. Saluni ilikuwa imejaa kama kawaida, na kila mtu alitaka kusaidia. Mmoja alishika miguu, mwingine mikono, wa tatu akakandamiza kichwa, goti mgongoni, wa nne akawa anamwimbia. Walikubaliana kwamba ni kudeka tu. Mama mtu alitoka nje akaziba masikio.

"Hakuna aliyekuwa na roho mbaya mle ndani," anasema Shangazi. "Tulikuwa tunampenda. Kilio chake kilibadilika kwenye mstari wa tatu, nikakisikia. Hakikuwa tena kilio cha mtoto anayedeka. Nikaendelea. Nilimaliza yote kumi na minne, na tukapiga makofi."

Kabla ya siku hiyo Kidosho alikuwa na maneno matatu: *maji*, *twende* na *Angazi*. Hilo la tatu lilikuwa la shangazi yake. Wateja walilidaka, wakalinyoosha, na ndivyo mtaa mzima ulivyoanza kumwita msusi huyu Shangazi.

Jioni ile mtoto aliifumua mistari yote kwa kucha mpaka ngozi ikatoka damu. Kesho yake hakuzungumza. *Maji* lilirudi baada ya miezi saba. *Twende* lilichukua mwaka.

"Mtaa mzima unaniita jina alilonipa yeye," anasema. "Mwenyewe ndiye asiyelitamka."

Kwa miezi mingi alimkwepa wifi yake. Halafu akaanza kwenda kila wiki kwenye darasa la watoto wenye usonji, anakaa nyuma, anatazama. Mwalimu wa pale hakumfundisha mengi. Alimwambia tu kwamba hawa watoto huguswa na kila mtu, na hakuna anayewangoja wao waguse.

Ni mwezi wa tano sasa tangu wifi aanze kumleta Kidosho siku za Jumatatu. Ana miaka kumi. Haingii. Hukaa kwenye ngazi ya nje, mgongo kwa mlango, na ndani Shangazi naye amekaa mgongo kwa mlango.

Mama wa mapacha aliwahi kusema wanakaa kama watu waliogombana.

"Tumegombana," alijibu Shangazi. "Na mwenye kosa ni mimi."

Leo, saa nne kasoro, watoto wawili wameshaondoka. Ndala zinasikika zikiburuzwa sakafuni, kisha zinasimama. Chanuo linainuliwa kutoka kwenye kigoda. Wifi, aliye kando ya mlango, anaweka kiganja mdomoni. Shangazi hageuki.

Mchano wa kwanza ni mwepesi, haugusi ngozi. Kisha kiganja kidogo kinatua utosini na kukisukuma kichwa chini, mpaka kidevu kinagusa kifua. Goti linakita katikati ya mabega. Ni vilevile, kama Kidosho alivyoshikwa siku ile. Meno ya chanuo yanachora mstari kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Yanachora wa pili. Wifi anainuka.

"Mwache, wifi."

Mstari wa tatu unapita juu ya kipara.

"Inauma, mama," anasema Shangazi, taratibu, kama mtu anayemwambia mtoto kwamba chai ni ya moto.

Chanuo linasimama. Mkono unatoka kichwani, kisha goti mgongoni. Kidosho anarudisha chanuo kwenye kigoda, analilaza sambamba na ukingo, anatoka na kukaa kwenye ngazi yake.

Shangazi anabaki kidevu kifuani, vilevile alivyoachwa. Machozi yanadondokea magotini.

"Umeona?" anamwambia wifi yake. "Nimesema mara moja tu, akaacha."

Mwezi ujao amepanga kuwaita wasusi wa mtaani, wale wanaowarudishia watoto mlangoni. Sita wamekubali kuja kuketi sakafuni na kuchanwa. Kabla ya yote atawaonyesha ile picha.

Na Kidosho? Hapangi kumsuka, anasema, labda siku moja aombe mwenyewe. Jumatatu ijayo atakaa palepale, mgongo kwa mlango.

"Imebaki mistari kumi na mmoja," anasema, akianza kukusanya nywele zake. "Akitaka, aje aichore yote."