Jina la Mlinzi wa Uzio

Jina langu la ukoo ni la Kiingereza, na kwa miaka mingi niliamini kwamba lazima liwe na ngome mahali fulani. Ofisini kwetu Plano, Texas, wanaonisoma kwenye barua pepe kabla ya kuniona hutarajia mzungu mwenye mashua ya kuvulia samaki. Nikitokea, huangalia nyuma yangu, kana kwamba mwenyewe bado anaegesha gari.

Binti yangu alipokaribia kujifungua, nilianza kulichimba jina hilo. Ngome haikuwepo. Zamani sana, vijijini Uingereza, lilikuwa jina la kazi: mtu aliyetunza uzio wa miiba na kupiga baragumu kufukuza ng'ombe wasile mazao ya watu. Kazi ikageuka jina, jina likarithiwa, hadi likamfikia mwalimu mmoja wa misheni, aliyemgawia babu yangu siku ya ubatizo. Babu alikuwa mchunga ng'ombe.

Tangu hapo, nikirudi nyumbani Mansfield jioni, taa nyekundu za magari zikitiririka mbele yangu kama mto usio na haraka, niliwaona akilini mlinzi yule na babu. Ukungu, uzio, Mwingereza upande huu na baragumu lake, babu upande ule na fimbo. Ng'ombe wanatafuna. Hakuna anayemfukuza mwenzake. Wananitazama tu, wakisubiri niseme mimi ni wa upande gani. Zaidi ya mara moja nilipitiliza njia ya kwenda nyumbani.

Binti huyo ndiye mtoto wangu wa pekee, na mumewe ni Mrundi. Kwao kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Hata baba na mwana hawaitwi jina moja. Mjukuu akipata la kwao, langu lingeishia hapo. Nami nilitaka liendelee. Ni aibu kusema, lakini nililitaka kama mtu anavyotaka kuzikwa kwao.

Nilipokwenda kumwona mtoto na mama yake kwa wakwe, mtaani Vickery Meadow, mama wa kijana alinipakatisha mjukuu, kisha akaniuliza:

"Mkwe, ni kweli nyote mnaitwa jina moja?"

"Kweli kabisa."

"Sasa nikiita mlangoni, atatoka nani?"

"Ukiwa umebeba chakula, wote."

Akacheka hadi akashika ukuta. Mwanawe hakucheka.

"Baba," akaniambia, "kwetu baba wa mtoto ndiye hutoa jina. Lakini ukitaka lako liendelee, nitakubali."

Nikamnong'oneza mtoto jina la ukoo. Akapiga miayo. Nikamwona ukubwani, akiwaeleza watu habari za uzio ambao hata mimi sijawahi kuuona.

"Siku aliyozaliwa kulikuwaje?" nikauliza.

"Mvua ya mawe!" akasema mama wa kijana. "Hatukuweza kufika hospitali mpaka ilipotulia. Mtoto alitutangulia sote."

"Basi mpeni jina la siku hiyo."

Mama huyo akapiga vigelegele. Mimi nikaanza kujisifu kimoyomoyo kwa ukarimu wangu, mpaka nilipomwona binti yangu.

"Dad, hakuna aliyeniuliza mimi," akasema kwa Kiingereza chake cha Texas. "Hilo jina la ukoo nalipenda."

Nikajishughulisha na blanketi la mtoto.

"Mtoto awe na lake, sawa," akaendelea, akinyoosha mikono amchukue. "Lakini langu silitoi."