Gauni la Mwalimu Wangeci

Wazazi wa gredi ya nne walikubaliana kwenye kundi lao la simu: kila mmoja atoe elfu mbili, Mwalimu Wangeci anunuliwe gauni. Nanjala, mama yake Debra na fundi wa nguo mtaani Satellite, hakuwa nazo. Jina lake likabaki peke yake mwisho wa orodha ya michango, bila kiasi mbele yake, na wiki nzima akamwomba Mungu asikutane na mwalimu huyo.

Alhamisi, mwalimu akaingia mwenyewe kibandani kwake.

"Mama Debra, niokoe. Wazazi wameninunulia gauni la bei, na zipu imekataa kupanda. Kesho tunafunga shule, nitavaa nini?"

Nanjala akafumua ubavuni, akaongeza kitambaa cha rangi ileile, akapiga pasi. Likamkaa sawasawa.

"Nikulipe ngapi?"

"Hapana, Mwalimu. Kwa mchango wa gauni sikutoa kitu. Kazi hii iwe zawadi yangu."

Mwalimu akajigeuza mbele ya kioo. "Basi wenzako walinipa gauni la kutundika. Wewe umenipa la kuvaa."

Nanjala akacheka mpaka akaketi. Mzigo wa wiki nzima ukamtoka mabegani, akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akashika nguo ya mteja mwingine.