Alama Nyekundu Niliyoitia Bila Kupima

Jumamosi, siku ya tatu baada ya Idi Kubwa ya mwaka jana, tulimpoteza Hamadi. Alikuwa rafiki yangu tangu tukisoma Kurani chuoni, tukiwa wadogo. Haya ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Mafia. Sehemu iliyo ngumu kuaminika ni fupi. Iliyobaki ni aibu yangu, na hiyo utaiamini bila taabu.

Hamadi alikuwa fundi wa injini za boti. Aliona kwenye simu watu wa ng'ambo wakitengeneza koili ya kurusha radi, naye akaitaka. Alichukua bomba la plastiki, akalizungushia kwa mkono waya mwembamba wa shaba aliouchomoa kwenye mota zilizoungua, wiki tatu nzima, kwenye banda nyuma ya nyumba ya wazazi wake, Baleni. Mimi ni fundi redio wa Kilindoni, nimeishia darasa la saba. Kazi yangu ilikuwa vile vifaa vidogo. Vilikufa kila mara: leo transfoma inatoa moshi, kesho kapasita imevimba ikapasuka. Tunacheka, tunabadilisha, tunaanza upya. Siku radi ya kwanza iliporuka, ya zambarau, urefu wa mkono, majirani walijaa uani. Mzee mmoja akamwambia, "Hamadi, radi umeiweza. Tuletee na mvua yake basi, minazi inakauka."

Kuna jambo lazima nikueleze. Kapasita huhifadhi umeme kama mtungi unavyohifadhi maji. Ukizima mashine, mtungi bado umejaa. Ndiyo maana tunaifungia rezista ubavuni, umeme uvujie humo mpaka uishe. Rezista ikifa, umeme unabaki ndani, na kwa macho hutajua.

Rezista ile niliifunga mimi. Kila kifaa nilichokipima nikakikuta kizima, nilikitia tone la rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, ili Hamadi ajue kimepita mikononi mwangu. Ile sikuipima. Kulikuwa na mteja anayesubiri simu yake, na mita ya kupimia ilikuwa imefukiwa na vitu mezani, nikaitia rangi tu. Unaona lilivyo jambo dogo? Tone moja.

Jumamosi ile koili inanguruma, mara umeme ukakatika kisiwa kizima. Unatujua sisi: umeme ukikatika ndipo mtu anapojiona salama, ndipo anapopanda ngazi kufunga taa. Hamadi akasema, "Afadhali. Ngoja niukaze huu waya kabla umeme haujarudi." Akatia mkono. Nilisikia mlio mmoja, kama kijiti kikavu kinavunjwa. Akaanguka, hakuamka tena.

Watu wakauliza, umeme gani umemuua mtu nao umekatika? Lilikuwa swali la haki. Jibu nilikuwa nalo mimi peke yangu, sikulitoa. Wakajipatia la kwao: Hamadi alikuwa akifuga jini ndani ya bomba, nalo limemchukua. Baada ya maziko niliing'oa ile rezista, nikaona ufa mwembamba chini ya rangi yangu, nikaitupa chooni.

Majirani wakaacha kuchota maji kwenye kisima cha nyumba ile. Baba yake, Mzee Juma, akaacha kukaa barazani. Ikasemwa waziwazi kwamba hitima ya arobaini ikifika, watu hawatakula chakula cha nyumba yenye jini. Mama yake, Bi Mwanaidi, alinifuata mpaka Kilindoni akaniuliza niliona nini siku ile. Nikamwambia, "Mama, mimi sikuona vizuri." Niamini, nimewahi kusema uongo mwingine maishani, lakini huo ndio ninaousikia mpaka leo.

Siku ya thelathini na nane, baada ya sala ya alasiri, umeme umekatika, nimekaa kibandani peke yangu. Akaingia mwanamume nisiyemjua, kanzu safi, mkono wa kulia kauviringishia kitambaa. Kisiwa hiki tunajuana, lakini huyu sikuwahi kumwona. Akaweka redio ndogo mezani. "Haizimiki," akasema.

Na kweli ilikuwa ikinguruma. Nikaitambua sauti ile: ilikuwa koili yetu. Nikafungua mahali pa betri, hamna betri. Nikafungua mgongo. Ndani palikuwa patupu, hapana spika, hapana waya, isipokuwa rezista moja. Ina tone jekundu. Ina ufa.

"Alama hii ya nani?" akauliza kwa upole, kama mteja yeyote.

"Siijui."

"Haya. Nitamwuliza mama yake."

Niliinua macho, hayupo. Kisha kile kitu mikononi mwangu kikalia, mlio ule ule wa kijiti kikavu. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, redio haipo. Utasema nilisinzia nikaota? Vidole hivi viwili mpaka leo havihisi moto wala baridi. Mkulima wa mwani, rafiki yangu, huvichoma kwa pini kunitania, nami sishtuki.

Nilipanda bodaboda mpaka Baleni. Usinisifu. Sikwenda kwa wema, nilikwenda kwa hofu kwamba yule atanitangulia.

Bi Mwanaidi alikuwa akichagua mchele. Nikamweleza yote, na ile rangi pia. Hakuinua uso.

"Kwa hiyo mwanangu hakufuga kitu?"

"Hakufuga kitu, mama. Rezista ilikuwa mbovu, nami nilisema nzima."

Akatoa chuya tatu nne, akazitupia kuku. "Kayaseme msikitini," akasema. "Na keshokutwa uje uwanawishe watu."

Niliyasema, baada ya sala, nimesimama. Nawe unayenisikiliza, kama unachezea vitu hivi, umeme ukikatika usitie mkono. Gusanisha kwanza miguu miwili ya kapasita kwa waya wenye mpini mkavu, umeme uliobaki uishe, kisha upime. Na usiseme umepima kama hukupima, hata kwa ishara.

Siku ya hitima walikuja, uani hapakutosha. Nilipita na birika na beseni, mtu mmoja mmoja. Wengine walisema ahsante, wengine walitazama pembeni. Wa mwisho alikuwa Mzee Juma. Akanyoosha mikono, nikamimina. Ilikuwa safi, nikataka kuondoka, lakini hakuirudisha.

"Ongeza," akasema.

Nikamimina mpaka birika likaisha maji.