Boksi la Oliva limetoka kitako

Nyie wanangu na wajukuu mliohama, njia ya kurudi Ifakara imefungwa? Hata kuku wangu wamewasahau.

Leo nimeinua boksi la mafaili ya ofisi ya mjukuu wangu Oliva. Aliniachia nimtunzie, akaenda zake Morogoro.

Kumbe unyevu wa masika umekula kitako chote. Karatasi zikamwagika chumba kizima!

Nikafanya ninachokijua. Nikazianika uani kwenye turubai kama mpunga, nazigeuza kwa mkono huku nafukuza kuku.

Zimekauka vizuri. Ila mie shule sikwenda (hapa naongea, simu inaandika), sijui ipi inatangulia ipi.

Nikampigia.

"Shikamoo bibi. Tafuta mtu azipange upya kwenye boksi jingine, nitamlipa."

"Marahaba. Hapa mtaani Lipangalala nani anazijua karatasi zako?"

Akaaga, akakata simu.

Halafu hela ikaingia kwenye simu. Nimeirudisha.

Nyumba hii ina maboksi yenu wote, watu hakuna.

Oliva, karatasi nimezilaza kitandani kwako, nimezifunika kanga. Ukija kuzipanga, leta boksi jipya. Na nguo za kulala.