Mwalimu Aliyebaki Kwenye Kanda

Surua ilinipofusha nikiwa na miaka tisa. Nilipojiunga na sekondari mjini Garissa, shule haikuwa na kitabu hata kimoja cha nukta nundu, kwa hiyo mwalimu wetu wa jiografia alinisomea kitabu kizima na kukirekodi kwenye kanda sita. Mara kwa mara alikohoa, akaomba radhi, akaendelea kusoma.

Kilikuwa kifua kikuu. Alifariki muhula wa mwisho, nami nikalazimika kudurusu kwa sauti yake. Kila nilipowasha redio kaseti niliona kama ninamwamsha. Wasichana wa bwenini, kwa kuiogopa sauti ya marehemu, walihamisha vitanda vyao mbali na changu.

Siku moja mama wa mwalimu alifika kutoka Habaswein. Alikuwa amesikia kwamba binti yake bado anaongea shuleni. Tulikaa barazani, nikaweka kanda.

“Anasema nini?” akaniuliza kwa Kisomali, maana Kiingereza hakukijua.

“Anaeleza mito inavyoanza, hooyo,” nikamjibu, nikimwita mama kwa lugha yake.

Alisikiliza huku akiitikia, kama anayezungumziwa. Kikohozi kilipokuja, akasema kwa upole, “Kunywa maji, mwanangu.”

Kisha akaniomba kanda ile. Nilimsihi angoje hadi nimalize mtihani, naye hakubishana.

Mwezi uliofuata nilizipeleka zote Habaswein. Jirani yake akaniambia amehama na mifugo kutafuta malisho, na hakuna aliyejua ameelekea wapi. Nilirudi nazo Garissa. Sijawahi kuzisikiliza tena, wala sijathubutu kuzitupa.