Mguu Ulilia, Mgongo Ndio Ulioumia

Siku moja hainitoki, mwanangu: siku ya soko la mifugo Kajiado, wakati bado nilikuwa kijana wa kukimbizana na mbuzi.

Sisi wachuuzi wa mbuzi hatuamini macho. Mbuzi ananyanyuliwa, mkono kifuani na mkono tumboni, ndio ujue uzito. Mimi nilimnyanyua kila mmoja mara mbili: kabla ya bei na baada ya bei, asije akakonda tukiongea. Siku hiyo nikainamia beberu mmoja mzito, kiuno kikalia ko! Moto ukashuka, ukapita takoni, ukafika kidole gumba cha mguu wa kushoto.

Wiki tatu nikapaka dawa ya kuchua kwenye shavu la mguu. Si maumivu yalikuwa hapo? Kitengela nikampata jamaa wa kukanyaga migongo. Naye nikamwambia anikanyage mara mbili.

Mzee Hassan, aliyenifundisha biashara hii, akanitazama nikipita zizini.

"Mutua, mbuzi anayeburuta mguu ungemnunua?"

"Hata bure, Mzee. Huyo ni mgonjwa."

"Basi tazama kiatu chako kilivyolika mbele. Nenda hospitali, wacha ujuaji!"

Nikacheka, nikakaa miezi miwili zaidi. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Mwishowe nikaenda hospitali, daktari akanieleza: kisahani kati ya pingili za mgongo kilitoka mahali pake, kikabana neva. Dawa na mazoezi viliondoa maumivu. Lakini neva ilikuwa imebanwa muda mrefu, na unyayo haujaamka wote mpaka leo.

Zamani soko likiisha, tulitembea na Mzee Hassan nyuma ya mbuzi, vumbi likiwa bado na joto, yeye akinitania njia nzima. Ametangulia mbele ya haki. Natamani jioni moja tu kama zile. Bei yoyote, singebishana.

Mwanangu, maumivu yakishuka kutoka kiunoni mpaka mguuni, usikubali kukanyagwa. Muone daktari mapema. Wengi hupona bila kisu. Lakini mguu ukilegea, au katikati ya mapaja pakifa ganzi, au mkojo ukikataa kutoka ama ukitoka wenyewe, usingoje kesho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mzigo, uchuchumalie, uinuke nao ukiwa karibu na kifua.

Mungu akunyooshee mgongo, akuzeeshe ukiihisi ardhi unapoikanyaga.